Mizani ya Bonde la Indus

Katika miaka ya 1850 na 1860, wahandisi wa Kiingereza waliokuwa wakijenga njia ya reli baina ya Lahore na Multan walihitaji kokoto za kutandika chini ya mataruma. Nchi ile ni tambarare ya udongo wa mto, na mawe ni adimu. Lakini kando ya njia yao, mahali paitwapo Harappa, palikuwa na vilima vilivyojaa matofali ya kuchoma, magumu na yaliyolingana, ambayo wenyeji walikuwa wakiyachukua kujengea nyumba zao tangu zama za mababu. Wahandisi nao waliyachukua. Matofali ya vilima vile yalitosha kutandika kiasi cha maili 100 za reli, na magari ya moshi yakawa yakipita juu ya kuta za mji ambao hapana aliyejua jina lake wala umri wake. Mji haukuvunjwa kwa uadui. Ulivunjwa kwa kutojulikana.

Alexander Cunningham, mkuu wa idara ya mambo ya kale ya Bara Hindi, alifika Harappa zaidi ya mara moja, na mwaka 1875 alitangaza picha ya muhuri mdogo uliookotwa pale. Juu ya muhuri ule palichongwa mnyama mfano wa ng'ombe dume, na juu ya mnyama palikuwa na alama zisizofanana na maandishi yoyote ya Kihindi. Cunningham alidhani kuwa muhuri ule umetoka nchi ya kigeni, na jambo likalala. Likaamka katika miaka ya 1920. Daya Ram Sahni alianza kuchimba Harappa mwaka 1921, na R. D. Banerji akachimba vilima vya Mohenjo-daro katika Sindh, mahali palipo mbali na Harappa kwa zaidi ya kilometa 600. Vitu vilivyotoka huku na huku vilipowekwa mbele ya John Marshall, mkuu wa idara kwa wakati ule, vilikuwa kama vimetoka katika karakana moja. Mwezi wa Septemba 1924 Marshall alitoa habari na picha katika gazeti moja la London, akauliza wataalamu kama kuna aliyepata kuona mambo kama yale.

Jibu halikuchelewa. Wenye elimu ya mambo ya kale ya Iraki walisema kwamba wao wamekwisha kuona mihuri ya namna ile katika miji ya Mesopotamia, tena katika matabaka ya ardhi ambayo umri wake wajulikana. Ikadhihirika kuwa miji ya bonde la Indus ilistawi yapata miaka elfu mbili na zaidi kabla ya kuzaliwa Kristo (K.K.), yaani katika wakati wa watawala wa kale wa Misri na Sumeri. Muhuri wa mfanyabiashara, uliovuka bahari na mzigo wake, ndio uliourudishia mji huu umri wake. Mwanzo huo wafaa kukumbukwa, kwa sababu mambo mengi yajulikanayo juu ya watu wale yamepatikana kwa njia hiyo hiyo ya soko.

Mto Indus huteremka kutoka milima yenye theluji, ukapita Punjab mahali unapopokea maji ya mito mingine mikubwa, kisha ukaingia Sindh na kumwagika katika Bahari ya Arabu. Kila mwaka theluji iyeyukapo na mvua za masika ya huko zinyeshapo, mto hufurika na kuacha tope jipya mashambani. Watu wa bonde walipanda ngano na shayiri wakati wa baridi, wakalima dengu, ufuta na pamba. Walifuga ng'ombe wenye nundu, nyati wa maji, kondoo na mbuzi. Huko Mehrgarh, katika vilima vya upande wa magharibi, wachimbuzi wa Kifaransa walioanza kazi mwaka 1974 walikuta dalili za ukulima na ufugaji zilizotangulia miji hiyo kwa miaka elfu kadhaa. Ustaarabu huu basi haukushuka kutoka mbinguni, wala haukuletwa na wageni umekwisha kupikwa. Ulikua polepole kutoka katika jembe, zizi na chungu.

Wakati wa usitawi wake, tangu kiasi cha mwaka 2600 hata 1900 K.K., ulienea juu ya nchi yenye ukubwa wa kilometa za mraba karibu milioni moja. Kaskazini ulifika Shortugai, karibu na mto Amu Darya katika Afghanistani ya leo. Magharibi ulifika pwani ya Makran. Mashariki ulikaribia Delhi. Na kusini uliingia Gujarat. Misri ya Mafarao na nchi za Mesopotamia za wakati ule hazikuenea hivyo. Miji mikubwa iliyofahamika ni mitano: Harappa, Mohenjo-daro, Rakhigarhi, Ganweriwala na Dholavira. Baada yake huja miji midogo na vijiji mamia kwa mamia.

Mtu aingiaye katika magofu ya Mohenjo-daro hustaajabishwa kwanza na tofali. Katika miji yote mikubwa tofali hufuata kanuni moja: unene ukiwa sehemu moja, upana ni sehemu mbili na urefu ni sehemu nne. Fundi wa Harappa angaliweza kuhamia Mohenjo-daro leo na kuanza kazi kesho bila ya kujifunza upya. Njia kubwa zilinyoshwa, na vichochoro vikaingia baina ya nyumba. Milango ya nyumba aghalabu ilielekea kichochoroni, mbali na vumbi na makelele ya njia kuu, na ndani palikuwa na ua uliozungukwa na vyumba. Nyumba nyingi zilikuwa na chumba cha kuogea chenye sakafu ya matofali yaliyobanana, iliyoinamishwa kidogo ili maji yatoke. Maji hayo yaliingia katika mifereji ya njiani iliyofunikwa kwa matofali au mawe, na katika mifereji palikuwa na mashimo ya kutuliza taka ili yaweze kuzolewa. Visima vya Mohenjo-daro peke yake vyakisiwa kuwa 700 na zaidi. Juu ya kilima cha magharibi palikuwa na birika kubwa, urefu wake kiasi cha mita 12, upana 7, na kina chake zaidi ya mita 2, ambalo kuta zake zilipakwa lami lisivuje.

Anayezoea historia ya wafalme hutafuta jumba la mfalme asilione. Hutafuta hekalu kuu, asipate jengo ambalo aweza kulitaja hivyo bila ya shaka. Hutafuta kaburi lililojazwa dhahabu na watumishi waliouawa wamfuate bwana wao, kama wale wa Ur katika Sumeri, akakuta makaburi ya watu waliozikwa na vyungu vyao na mapambo machache. Sanamu mashuhuri ya mtu mwenye ndevu na joho, aliyepewa jina la Kuhani Mfalme, haifiki sentimeta 18 kwa urefu, na hapana ajuaye kama alikuwa kuhani au mfalme. Sanamu ya shaba ya binti aliyesimama na mkono kiunoni, mkono wa pili umejaa bangili, ni ndogo kuliko hiyo. Watu walioweza kujenga birika lile na mifereji ile wangaliweza pia kujenga jabali la kumtukuza mtu mmoja. Hawakulijenga, au kama walilijenga halijaonekana.

Swali basi hujileta lenyewe. Ni kitu gani kilichowafungamanisha watu wengi hivyo, katika nchi pana hivyo, kwa muda wa miaka mia saba? Jibu lote halijapatikana, lakini sehemu yake imo katika vijiwe vidogo vya mraba ambavyo mtoto angaweza kuvichezea.

Vijiwe hivyo ni mawe ya mizani. Vingi vilichongwa kwa jiwe gumu la jamii ya gumegume, vikasuguliwa hata pande zake sita zikalingana. Havina maandishi wala alama ya thamani. Uzito wake ndio ushahidi wake. Walipovipima, wataalamu walikuta kuwa hesabu yake hupanda kwa kuzidisha mara mbili: kimoja, viwili, vinne, vinane, kumi na sita, thelathini na mbili, sitini na nne. Kidogo cha mfululizo huo hakifiki gramu moja, na kile kinachoonekana kwa wingi kuliko vyote, ambacho ni mara 16 ya hicho, kina gramu 13.7 hivi. Baada ya 64 hesabu hubadilika ikafuata makumi na mamia, na mawe makubwa hupita kilo 10. Vidogo vilifaa kupimia dhahabu, vito na viungo. Vikubwa vilifaa nafaka na mizigo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hataiona hesabu hii kuwa ngeni. Vibaba viwili ni kisaga, na visaga viwili ni pishi. Hapana haja ya kudai kuwa pishi ilizaliwa Harappa. Akili ya soko ni moja: mwenye vitanga viwili vya mizani na mwenye kopo la kupimia nafaka, wote wawili hupata nusu kwa wepesi kuliko wapatavyo theluthi. Jambo la ajabu katika bonde la Indus ni kuenea kwa kipimo chenyewe. Jiwe lililotoka Harappa na jiwe lililotoka Lothal, miji iliyotengana kwa mwendo wa majuma mengi wa gari la ng'ombe, hukaribiana kwa uzito kiasi ambacho tofauti yake ni ndogo mno. Na mawe ya kipimo hiki hiki yameonekana hata Bahrein, ng'ambo ya bahari, ambako wachimbuzi wa Kidenmaki walianza kazi mwaka 1953. Mfanyabiashara aliyefika huko aliweza kununua na kuuza kwa kipimo alichokijua tangu kwao.

Walakini si vyema kuwafanya watu wa zamani kuwa malaika. Usawa wa mawe haya haukujileta wenyewe. Palikuwa na mtu au baraza lililoshika kielelezo cha uzito, na pengine lililomwadhibu aliyekipunguza. Tena huko Harappa mawe mengi yameonekana karibu na malango ya mji, na wako wataalamu wanaofikiri kuwa yalitumiwa na watoza ushuru. Ikiwa ni hivyo, jiwe lile lile lililomlinda mnunuzi asipunjwe lilimwezesha mtawala kuchukua sehemu yake. Lakini hata mtoza ushuru alipolazimika kupima, alikuwa amefungwa na kipimo. Anayetoza kwa upanga huchukua apendavyo. Anayetoza kwa mizani huchukua kile ambacho na mwenye mali ameona.

Pamoja na jiwe la mizani ulikuwapo muhuri. Mihuri ya Indus aghalabu ni ya mraba, upana wake sentimeta mbili hata nne, imechongwa katika jiwe laini la sabuni, kisha ikachomwa iwe ngumu na nyeupe. Nyuma ina kifundo chenye tundu la kupitisha uzi. Mbele ina mnyama: ng'ombe mwenye nundu, ndovu, kifaru, chui milia au nyati. Wengi kuliko wote ni mnyama wa ajabu mwenye pembe moja, aliyesimama mbele ya chombo mfano wa kinara. Wachongaji waliwachonga wanyama hawa kwa ufundi wa kupendeza, mikunjo ya shingo na mishipa ya miguu ikionekana katika nafasi isiyozidi kidole gumba. Juu ya mnyama ndipo palipo na maandishi.

Maandishi hayo hayajasomwa mpaka leo. Alama zake zakisiwa kuwa 400 au zaidi. Kwa kawaida muhuri mmoja una alama tano tu, na mstari mrefu kuliko yote ulio katika uso mmoja una alama 17. Asko Parpola wa Finlandi ametumia umri wake mwingi kutetea rai kwamba lugha yake ni ya jamii ya Kidravidi, jamii yenye lugha kama Kitamili. Wengine wamependekeza lugha nyingine. Mwaka 2004 wataalamu watatu walithubutu kusema kuwa alama hizo si maandishi ya lugha hata kidogo, na ubishi ukawa mkali. Madhali haujaonekana waraka mrefu, wala jiwe lenye maneno yale yale kwa lugha mbili, mlango umefungwa. Kwa hiyo hapana jina hata moja la mtu wa Mohenjo-daro linalotamkika kutoka katika maandishi yake mwenyewe.

Ijapokuwa maneno hayasomeki, kazi ya muhuri yafahamika. Huko Lothal katika Gujarat, ambako S. R. Rao alianza kuchimba mwaka 1955, lilikutwa ghala lililoungua. Ndani yake mlikuwa na vibonge vya udongo zaidi ya 60 vilivyopigwa muhuri upande mmoja, na upande wa pili vina alama za kamba, nguo na matete. Vibonge hivyo vilibandikwa juu ya fundo la mzigo ukiwa umekwisha kufungwa, ili afunguaye asiweze kuficha kuwa amefungua. Udongo mbichi huyeyuka ukipata maji. Moto uliounguza mali ndio uliochoma udongo ukahifadhi hati ya mali. Wahenga husema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali imepotea na mwenye mali amepotea, ila habari ya daftari yake imebaki, na alama ya kamba bado yaonekana.

Mizigo hiyo ilikuwa na nini? Palikuwa na nguo za pamba, kwa kuwa uzi wa pamba umekutwa Mohenjo-daro umeshikamana na chombo cha fedha. Palikuwa na pembe za ndovu, bangili za kombe za pwani, mbao za milimani na vyombo vya shaba. Lakini kilichosifika mbali kuliko vyote ni ushanga wa akiki. Jiwe lake lilitoka Gujarat, likatiwa motoni wekundu wake ukolee, kisha likamenywa, likasuguliwa na kutobolewa. Kutoboa ndiyo kazi ngumu. Shanga nyingine zilikuwa ndefu kama kidole, na nyingine zilizidi sentimeta 10, na tundu lilipitishwa kutoka ncha mbili hata likakutana katikati. Huko Chanhu-daro, mji ambao Ernest Mackay aliuchimba katika miaka ya 1935 na 1936, zilikutwa karakana za mafundi pamoja na keekee za jiwe gumu zilizotumika. Majaribio yaliyofanywa katika miaka ya karibuni yameonyesha kuwa ushanga mmoja mrefu ulimchukua fundi siku nyingi. Kosa la siku ya mwisho lilipasua kazi ya siku zote.

Ufundi huu haukufa. Katika mji wa Khambhat, Gujarat, mafundi wameendelea mpaka zama zetu kuchoma akiki, kuimenya na kuitoboa, na wachimbuzi wa mambo ya kale wamekaa miguuni pao kujifunza namna kazi ya kale ilivyokuwa. Akiki za Gujarat zilivuka bahari tena na tena. Karne nyingi baada ya Harappa kuwa vilima, zilifika katika bandari za pwani ya Afrika Mashariki, na zimekutwa katika magofu ya Kilwa. Zilizotangulia ziliingia Ghuba na kupanda mpaka Mesopotamia. Leonard Woolley alizikuta Ur katika makaburi ya watawala, zimevikwa maiti ambao huenda hawakujua zilikotoka.

Waandishi wa Mesopotamia walitaja nchi tatu za baharini: Dilmun, Magan na Meluhha. Dilmun ni Bahrein na pwani iliyo karibu nayo. Magan ni Omani, nchi ya shaba. Meluhha, iliyo mbali kuliko zote, wataalamu wengi wakubali kuwa ni nchi ya Indus. Sargon wa Akkad, aliyetawala kiasi cha mwaka 2300 K.K., alijisifu kuwa vyombo vya nchi hizo tatu vilifunga katika gati ya mji wake. Njia ya vyombo hivyo imeacha nyayo. Huko Ras al-Jinz, ncha ya mashariki ya Omani, vimekutwa vigae vya mitungi ya Indus, na vipande vya lami vyenye chapa za matete na mbao zilizoundiwa vyombo. Huko Lothal limechimbwa birika la matofali lenye urefu unaozidi mita 200 na upana wa mita 37 hivi. Rao alisema ni gudi ya majahazi. Wengine wasema ni hifadhi ya maji tu. Hata anayekataa gudi hawezi kuukataa muhuri wa mviringo wa namna ya Ghuba uliookotwa mahali hapo.

Katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, umo muhuri mmoja wa zama za Akkad, wenye umbo la kipipa kidogo. Maandishi yake, ambayo husomeka, yataja jina la mwenyewe kuwa ni Shu-ilishu, na kazi yake kuwa ni mkalimani wa lugha ya Meluhha. Wafalme wa Indus hawajulikani hata kwa jina, bali mtu huyu wa katikati, aliyesimama baina ya muuzaji na mnunuzi akawageuzia maneno, jina lake limebaki. Kadhalika hati za Mesopotamia zataja kijiji kilichoitwa Meluhha katika nchi ya Lagash, chenye ghala la nafaka, na watu wenye asili ya Meluhha ambao majina yao yamekwisha kuwa ya Kisumeri. Wageni walikuwa wameota mizizi. Biashara haigombi, husema wenye kuuza. Lakini wafanyabiashara ni watu, na hati moja yasimulia habari ya mtu wa Meluhha aliyelipa shekeli 10 za fedha kwa ajili ya jino alilomvunja mwenziwe. Hata ugomvi wake ulikwisha kwa kupimwa.

Yapata mwaka 1900 K.K. mambo yalianza kugeuka. Mifereji haikuzolewa tena, nyumba zikajengwa ovyo hata katika njia, na polepole miji mikubwa ikahamwa. Mwaka 1947 Mortimer Wheeler, aliyekuwa amechimba Harappa mwaka uliotangulia, alitoa maelezo yaliyovutia wengi. Aliyatazama mafupa ya watu thelathini na kitu yaliyokutwa Mohenjo-daro bila ya kuzikwa kwa taratibu, akayaunganisha na nyimbo za Rigveda zisimuliazo kuvunjwa kwa ngome, akahukumu kuwa Waarya walivamia na kuua. Hadithi hiyo iliingia katika vitabu vya shule. Ilikuwa na kila kitu kipendwacho: ngome, wavamizi na damu. Mwaka 1964 George Dales aliipitia hoja hiyo upya, akaonyesha kuwa mafupa yale si ya wakati mmoja, kwamba hayakuwa katika ngome yenyewe, na kwamba dalili za vita hazipo. Uchunguzi wa mifupa uliofuata ulimuunga mkono.

Yapendeza kukumbuka kuwa Wheeler huyu huyu alizuru pwani ya Tanganyika mwaka 1955, akatembea baina ya Dar es Salaam na Kilwa, akastaajabia wingi wa vigae vya vyombo vya Kichina vilivyotapakaa ardhini, na akaona kuwa historia ya karne nyingi za pwani ile imeandikwa katika vigae hivyo. Huko Kilwa aliviachia vigae viseme. Katika Mohenjo-daro aliharakia wimbo wa vita, na mtaalamu hodari akapotoka.

Sababu zinazotajwa sasa hazina mshindo huo. Mvua za majira zilipungua. Mto Ghaggar-Hakra, uliokuwa na vijiji vingi kandokando yake, ulififia. Biashara ya Ghuba nayo ikalegea, na jina la Meluhha likaacha kutajwa katika hesabu za wafanyabiashara wa Mesopotamia. Watu hawakufutika, walihamia mashariki na kusini, wakakaa katika vijiji vidogo, wakapanda mazao yanayostahimili ukame. Miongoni mwa mazao yaliyoingia Bara Hindi ya magharibi baada ya mwaka 2000 K.K. ulikuwamo mtama na uwele, ambazo asili yake ni Afrika. Ng'ombe, pamba na ufundi wa ushanga vilibaki. Vilivyotoweka ni vile ambavyo mtu wa kijiji, anayewafahamu jirani zake wote, hana haja navyo sana: muhuri, maandishi, na jiwe la mizani la kipimo kimoja. Vitu hivyo ni vya watu wasiojuana. Watu wa mbali walipoacha kuonana, vilikosa kazi.

Mwaka 1947, mwaka ule ule wa hukumu ya Wheeler, Bara Hindi iligawanyika. Harappa na Mohenjo-daro zikawa za Pakistani, na wachimbuzi wa India wakaanza kutafuta katika Gujarat na Rajasthan, ndipo zikaonekana Lothal na nyingine. Vitu vilivyokuwa katika makumbusho navyo viligawanywa, nusu kwa nusu. Kuhani Mfalme yuko Karachi; binti wa shaba yuko Delhi. Palikuwa na mkufu wa vito uliotoka Mohenjo-daro. Kwa kuwa ulikuwa mmoja na wenye kudai walikuwa wawili, ulikatwa, na kila upande ukapewa sehemu yake ya shanga.

Fundi aliyetoboa shanga zile na mtu aliyezipima hawakujua lugha ya kila aliyezivaa, na hawakuhitaji kuijua, maadamu jiwe la mizani lilikuwa moja na muhuri ulikuwa mzima. Kwao kipimo kilikuwa njia ya kuwakutanisha watu wasiojuana. Waliougawa mkufu walipima pia, wala hapana awezaye kuwashitaki kwamba walipunja. Haki ya mizani ilitimizwa sawasawa, na mkufu haukuwa tena mkufu.